Nani Afunge Kifaa Kipya cha Trekta?

Trekta linalofanya kazi mkoani Mara halikai muda mrefu likiwa vilevile lilivyotoka kiwandani. Mwenye trekta anayeishi Kamunyonge, mojawapo ya kata za Manispaa ya Musoma, hutafuta kazi nje ya mji, kwa kuwa mashamba makubwa yako Bunda, Butiama na Musoma Vijijini, na kila ardhi ina madai yake: udongo mweusi wa mbuga kuelekea Ghuba ya Speke hunata na kuyafanya matairi yazunguke bure, kichanga cha upande wa Majita hula diski za plau upesi, na vilima vyenye mawe vya Butiama humtaka dereva awe na breki anazoziamini. Hufika siku mwenye trekta akataka kuongeza uzito wa nyuma, kufunga mfumo wa kunyanyulia trela la tipa, kuweka usukani wa haidroliki, taa za kulimia usiku, chujio bora la dizeli au chuma cha kumkinga dereva trekta linapopinduka. Siku hiyo hukabiliwa na swali ambalo jibu lake litamgharimu kwa vyovyote vile, nalo ni kama kazi hiyo apewe wakala au ifanyike nyumbani.

Nyongeza, kwa maana inayotumika hapa, ni kifaa ambacho trekta halikuwa nacho lilipouzwa, au kifaa kilichokuwepo kikabadilishwa kwa kingine chenye uwezo zaidi. Kwa hiyo nyongeza inatofautiana na sevisi, ambayo ni kubadilisha oili na vichujio kwa wakati wake, na inatofautiana pia na matengenezo, ambayo ni kukirudisha kilichoharibika katika hali yake ya awali. Wakala ni mfanyabiashara aliyeidhinishwa na kiwanda kuuza matrekta yake, kutunza akiba ya spea zake na kuajiri mafundi waliofundishwa kuzifunga. Fundi wa gereji ya mtaani anaweza kuwa na ujuzi ule ule, na wakati mwingine mkubwa zaidi, lakini hana idhini hiyo wala hafungwi na ahadi ya kiwanda.

Wenye matrekta wengi huanza kwa kulinganisha bei ya kazi ya wakala na bei ya fundi wa mtaani, wakaishia hapo. Ulinganisho huo una nafasi yake, lakini hauwezi kuwa wa kwanza. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni nini kitatokea ikiwa kifaa kimefungwa vibaya, na ni nani atakayekuwa karibu wa kukirekebisha siku hiyo. Zipo kazi ambazo kosa lake ni taa kutowaka, zipo ambazo kosa lake ni injini kufa katikati ya msimu, na zipo ambazo kosa lake ni mtu kupoteza mkono au uhai. Kazi za aina hizo tatu haziwezi kuamuliwa kwa kanuni moja.

Umbali ni sehemu ya hesabu hiyo. Kutoka Musoma hadi Mwanza, ambako mawakala wa Kanda ya Ziwa wanapatikana kwa urahisi zaidi, ni takriban kilomita 220 kwa barabara inayopita Bunda, Lamadi na Magu, na trekta haliendi umbali huo kwa magurudumu yake bila kula matairi na siku nzima, hivyo ama hubebwa juu ya lori ama fundi wa wakala hulifuata lilipo. Katika hali ya pili mteja hulipia usafiri wa fundi, posho yake na mahali pa kulala, na ikiwa spea iliyoletwa si yenyewe, hulipia safari ya pili. Trekta linaloweza kulima ekari nane kwa siku likisimama siku tatu kumngoja fundi, ekari 24 za wateja huwa zimekwenda kwa mwingine, au kwa wenye ng'ombe wa kulimia, ambao mkoani Mara ni wengi na hawahitaji spea kutoka popote.

Tanzania imewahi kulijifunza somo la umbali kwa gharama kubwa. Mpango wa karanga ulioendeshwa na serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ulitegemea matrekta yaliyotumika vitani, pamoja na mashine zilizoitwa Shervick, ambazo zilikuwa vifaru aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers-Armstrongs. Pengine hakuna nyongeza kubwa ya trekta iliyowahi kufanywa kwa ajili ya ardhi ya Tanganyika kuliko hiyo ya kukigeuza kifaru, na mafundi walioifanya hawakuwa watu wa kubahatisha. Hata hivyo mashine nyingi za mpango huo zilisimama mapema, kwa kuwa karakana zilikuwa mbali, spea hazikufika, madereva walikuwa wageni wa kazi na udongo wa Kongwa uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Ufundi mzuri wa kiwandani haukutosha mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuuendeleza shambani.

Sura nyingine ya somo hilo ni matrekta yaliyopita nchini kwa awamu na kuacha mizoga yake. Katika miaka ya 1980 matrekta ya Valmet kutoka Ufini yaliunganishwa Kibaha, miaka iliyofuata mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009 SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, ilileta Farmtrac na New Holland kutoka India pamoja na wimbi la pawatila kutoka kwingineko, na baadaye Ursus ya Poland nayo ikaunganishwa Kibaha. Kila awamu ilikuja na mafundi wake, vipimo vyake vya bolti na namba zake za spea. Massey Ferguson za zamani, kama 135, 240, 265 na 290, zimedumu kwa sababu spea zake hupatikana hata katika maduka madogo na kwa sababu mafundi wa vizazi viwili wamezifungua mara nyingi kiasi cha kuzijua kwa kugusa. Anayemiliki MF 240 ana uhuru ambao mwenye trekta jipya la miaka ya karibuni hana, na ushauri unaomfaa mmoja unaweza kumuumiza mwingine.

Kazi ambazo mwenye trekta anaweza kuzifanya mwenyewe, akisaidiwa na dereva wake na fundi wa jirani, zina sifa moja ya pamoja, nayo ni kwamba hazifungui chombo chochote kilichozibwa na kiwanda. Kiti, taa, kisanduku cha spana, kioo cha pembeni, mawe ya mbele ambayo ni vipande vya chuma vya kuongeza uzito, chujio la pili la dizeli lenye kikombe cha kutenganisha maji, na marekebisho ya pini za kufungia plau, vyote hufungwa nje ya injini na nje ya giaboksi, na likitokea kosa huonekana kwa macho na kurekebishwa kwa spana. Pini hizo zinastahili maelezo. Mfumo wa kufunga zana kwa mikono miwili ya chini na mmoja wa juu, uliobuniwa na Harry Ferguson wa Ireland na kuenea kwa trekta lake la TE20 lililoanza kutengenezwa Coventry mwaka 1946, una madaraja, na katika daraja la kwanza pini za mikono ya chini zina unene wa milimita 22, ilhali katika daraja la pili zina milimita 28. Mtu anayenunua plau la daraja la kwanza akalifunga kwenye trekta la daraja la pili bila bushi za kujazia nafasi hulima akiwa na plau linalocheza, na kabla ya mwezi kwisha matundu huwa yameliwa. Bushi zenyewe ni vipande vidogo vya bomba ambavyo mchongaji yeyote mwenye mashine ya kukerezea anaweza kuvitoa.

Kazi iliyo bora zaidi kwa mtu wa Mara kujifanyia mwenyewe ni kuongeza uzito wa nyuma kwa kuyajaza matairi maji, kwa kuwa haihitaji kifaa cha kununuliwa na faida yake huonekana siku ya kwanza kwenye udongo wa mbuga. Gurudumu la nyuma huinuliwa kwa jeki hadi liache ardhi, huku magurudumu mengine yakiwa yamekingwa kwa magogo, kisha huzungushwa hadi tundu la upepo liwe juu kabisa. Kipande kidogo cha ndani kinachozuia upepo hutolewa, mpira wa maji huunganishwa, na kila baada ya muda mpira huo huondolewa kidogo ili upepo uliobanwa utoke. Maji yakianza kurudi kwenye tundu, tairi limejaa kiasi cha robo tatu, na hapo ndipo pa kukomea, kwa sababu robo inayobaki huwa ya upepo unaolipa tairi ulaini wake. Tairi la 18.4-30, ambalo hutumika kwenye matrekta mengi ya nguvu za kati, hupokea karibu lita 300 kwa namna hiyo, yaani karibu kilo 300 kila upande. Katika nchi za baridi maji ya namna hiyo hutiwa chumvi ya kalisi ili yasigande, na chumvi hiyo hula ringi za chuma. Kando ya Ziwa Victoria hakuna barafu na maji ya ziwa si ya chumvi, kwa hiyo mkulima wa Musoma anapata kwa maji matupu kile ambacho mkulima wa Ufini hukipata kwa kuiharibu ringi yake polepole. Kumwita fundi kutoka Mwanza kwa kazi hiyo ni kutupa fedha.

Mpaka kati ya kazi za nyumbani na kazi za wakala unavukwa pale haidroliki inapoguswa. Haidroliki ni mfumo unaotumia mafuta yaliyosukumwa kwa shinikizo kubwa ili kunyanyua plau au kuinua trela la tipa, na shinikizo hilo katika matrekta ya kawaida huwa zaidi ya mara mia ya lile la hewa tunayopumua. Katika Massey Ferguson za zamani pampu ya haidroliki imekaa ndani ya nyumba ya giaboksi, ikiogelea katika mafuta yale yale yanayolainisha gia, na jambo hilo lina matokeo ambayo muuzaji wa trela hapendi kuyaeleza. Silinda ya tipa inapopanda huvuta lita kadhaa za mafuta kutoka kwenye giaboksi, na ikiwa silinda ni kubwa kuliko uwezo wa trekta, kina cha mafuta hushuka na gia hubaki zikisagana bila ulainisho wa kutosha. Mpira uliokatwa kwa msumeno na kufungwa bila kusafishwa huingiza chembe za raba na chuma katika mafuta hayo, nazo hupita kwenye pampu kabla ya kufika kwenye gia. Kwa hiyo nyongeza iliyoonekana kuwa ya mpira na valvu moja tu huwa imeugusa moyo wa trekta zima.

Hatari kwa mwili ni kubwa pia, na haijulikani vya kutosha. Mafuta yanayovuja kupitia tundu dogo kama la sindano hutoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama bila kuleta maumivu makubwa mwanzoni, na mtu anayepitisha kidole ili kutafuta mahali panapovuja anaweza kukipoteza kidole hicho. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi gumu, kisha injini huzimwa na shinikizo hutolewa kabla ya kukaza kitu chochote, na aliyechomwa hukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo na kumweleza daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki, hata kama kidonda kinaonekana kama mchubuko wa mwiba. Mwenye trekta anaweza kununua mipira na kubadilisha ule uliopasuka kwa mwingine wenye kipimo kile kile, lakini kufunga valvu mpya ya kutolea mafuta nje ni kazi ya mtu mwenye saa ya kupimia shinikizo na anayejua trekta husika linaruhusu kiasi gani. Mtu huyo si lazima awe wakala. Saa hiyo ya kupimia, hata hivyo, lazima iwepo, na fundi asiyekuwa nayo anakisia.

Injini ndiyo sehemu inayoshawishi zaidi na inayostahili kuachwa zaidi. Wapo wanaotaka trekta lao livute kuliko lilivyoundwa, na njia ya mkato inayojulikana ni kuifungua pampu ya dizeli, yaani kuzungusha skrubu inayodhibiti kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye silinda, ambayo kiwanda huiziba kwa waya na lakiri. Dizeli ikiongezwa bila hewa kuongezwa haiungui yote. Sehemu yake hutoka kama moshi mweusi, nyingine huchafua oili, na joto linalozidi huishia kwenye vichwa vya pistoni. Kuongeza taboo, yaani feni inayoendeshwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani, huondoa upungufu wa hewa lakini huleta madai mapya ya ulainisho na upoozaji, na injini ya silinda tatu ya Perkins iliyomo katika MF 135 na 240 haikuundwa kwa mzigo huo. Jambo la kusikitisha ni kwamba trekta linalolalamikiwa kukosa nguvu mara nyingi halihitaji nyongeza yoyote: chujio la hewa limeziba kwa vumbi, nozeli zimechoka, klachi inateleza, au plau limefungwa diski nyingi kuliko uwezo wa trekta. Nozeli na pampu hupimwa kwenye meza maalumu ya majaribio, na gharama ya kipimo hicho ni ndogo sana ikilinganishwa na kufungua injini iliyoungua.

Shafti ya PTO, ambayo ni mhimili wa nyuma unaotoa nguvu za injini kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi, pampu ya maji au kinu, huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Kanga, shuka au mkono wa koti ukinaswa, mtu hana muda wa kupiga kelele kabla hajavutwa. Mwenye trekta anaweza kufunga na kufungua mashine zake mwenyewe kila siku, na hata kuikata shafti ndefu ifikie urefu unaofaa, mradi apime mikono ya haidroliki ikiwa chini, katikati na juu, ili shafti isigonge mwisho inapofupika wala isichomoke inapokuwa ndefu. Kosa ambalo halivumiliki ni kuitoa kinga ya plastiki kwa sababu inasumbua wakati wa kupaka grisi, au kuweka bolti ndefu mahali pa pini ya kiwanda, kwa kuwa kichwa cha bolti kinachotokeza ndicho kinachonasa nguo. Kinga iliyovunjika ibadilishwe kabla mashine haijapelekwa kwenye uwanja ambao wanawake na watoto wanakusanya magunzi.

Chuma cha kukinga dereva kinahitaji kusemwa kwa uwazi, kwa kuwa hapa fundi hodari wa kuchomelea anaweza kufanya madhara kwa nia njema. Trekta linaloinuka mbele, kwa mfano linapovuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa juu ya ekseli badala ya kwenye ndoano ya chini, linaweza kumwangukia dereva katika muda wa sekunde moja na nusu, ambao hautoshi kuruka. Sweden ililazimisha chuma hicho kwenye matrekta mapya mwaka 1959, na vifo vya madereva kwa kupinduka vikapungua sana katika miongo iliyofuata, kiasi kwamba nchi nyingi zikafuata. Chuma cha kiwandani hujaribiwa kwa kupondwa na kupindwa ili ijulikane kitabonyea kiasi gani kabla hakijamfikia dereva, na hufungwa kwenye nyumba ya ekseli kwa bolti za ugumu maalumu. Kivuli kilichochomelewa kwa mabomba ya maji juu ya madigadi na kufunikwa bati humkinga dereva na jua la Bunda, na kwa kazi hiyo ni kizuri, lakini trekta likipinduka huporomoka kama mwavuli. Hatari yake ni kwamba dereva hukitazama akadhani amekingwa. Chuma chenyewe kisitobolewe wala kuchomelewa baada ya kufungwa, kwa sababu joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma pale pale kinapobeba mzigo, na dereva afunge mkanda, kwani asiyefunga hutupwa nje ya eneo linalokingwa na kuangukiwa na chuma hicho hicho. Katika kazi zote zilizotajwa, hii ndiyo ambayo mwenye trekta asijaribu kuokoa fedha.

Suala la dhamana, ambayo wauzaji huiita waranti, huamua mambo mengi kwa trekta jipya. Dhamana ni ahadi ya kiwanda kwamba kifaa kikifa kwa kosa la utengenezaji kitabadilishwa bila malipo, na mara nyingi huwa ya miezi 12 au idadi fulani ya saa za kazi zinazosomwa kwenye mita ya trekta, kile kinachotangulia. Huambatana na masharti, na la kwanza kabisa huwa sevisi ya saa 50, ambayo mwenye trekta aliye na haraka ya msimu huiruka kwa kuwa trekta bado linang'aa. Nyongeza iliyofungwa na mtu asiyeidhinishwa ndani ya muda huo humpa wakala sababu ya kukataa dai hata kama kilichokufa hakina uhusiano nayo, na ubishi wa namna hiyo huchukua msimu mzima. Kwa hiyo ndani ya muda wa dhamana kazi yoyote inayozidi taa na kiti iende kwa wakala, au angalau ipate ruhusa yake ya maandishi. Muda ukiisha, uhuru wa mwenye trekta hurudi. Anayelipia trekta kwa mkopo, uwe wa Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, wa benki au wa kampuni ya kukodishia mitambo, asome pia mkataba wa mkopo, kwa sababu chombo ambacho hakijalipwa chote kwa kawaida huwa na masharti kuhusu kubadilishwa.

Isidhaniwe kwamba jina la wakala peke yake ni kinga. Fundi anayetumwa anaweza kuwa kijana aliyeanza kazi juzi, ilhali mzee wa gereji ya Bunda ameifungua giaboksi ya MF mara zisizohesabika, na zipo kazi za matrekta ya zamani ambazo mzee huyo atazifanya vizuri kuliko yeyote. Kinachomtofautisha wakala ni mambo matatu: vifaa vya kupimia, spea yenye namba inayolingana na trekta, na karatasi inayomfanya awajibike. Mwenye trekta anaweza kuyadai mambo hayo matatu kwa fundi wa mtaani pia, na anayeyapata hana sababu ya kwenda mbali. Likikosekana moja, hasa kipimo, unafuu wa bei huwa hauna maana.

Spea ndiyo inayowaangusha wengi hata pale ufundi unapokuwa mzuri. Soko la Musoma hupokea bidhaa kutoka Dar es Salaam, kutoka Mwanza na kutoka Kenya kupitia Sirari, na beringi, vichujio na oringi za bandia huja katika maboksi yanayofanana na ya kiwanda. Mnunuzi aende dukani na kipuri cha zamani mkononi, aoanishe namba iliyochongwa, na adai risiti ya mashine ya EFD, kwa kuwa bila risiti hiyo dai lake litakuwa gumu kuthibitika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, huku viwango vya bidhaa vikiwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwa upande wa zana zenyewe, kituo cha CAMARTEC kilichoko Arusha hufanya majaribio ya zana na mitambo ya kilimo, na anayefikiria kununua plau au planta ya aina isiyozoeleka ana haki ya kumuuliza muuzaji kama zana hiyo imepitia huko.

Kuna njia ya tatu ambayo haitumiki vya kutosha, nayo inafaa kwa mazingira ya Mara kuliko hizo mbili za mwanzo. Wenye matrekta kadhaa ya aina moja, wa Musoma, Bunda na Butiama, wanaweza kumwita fundi wa wakala kwa pamoja, wagawane usafiri na posho yake, na kila trekta lifungwe kifaa kinachohitajika katika safari hiyo hiyo. Dereva na fundi wa mtaani wasimame karibu kazi inapofanyika, waandike kipimo cha mkazo wa kila bolti na aina ya mafuta, na washike spana chini ya macho ya mgeni. Chuo cha VETA kilichopo Musoma hutoa vijana wenye msingi wa ufundi wa magari, na kijana wa namna hiyo akishuhudia kazi mbili tatu za haidroliki huwa hazina ya eneo zima. Mteja asiruhusu kazi ifanyike huku yeye akiwa hayupo, adai spea za zamani arudishiwe, na asaini fomu baada ya trekta kuendeshwa likiwa na mzigo, si likiwa linanguruma tu uwanjani.

Wakati wa kufanya hivyo unajulikana. Vuli huanza Oktoba, na pamba ya Bunda hupandwa kuanzia Novemba, hivyo plau huanza kuingia shambani mapema. Masika hufuata mwezi Machi. Nafasi iliyo wazi ni ile ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, mavuno yakiwa yameuzwa na trekta likiwa limeegeshwa, ambapo spea isiyo yenyewe inaweza kurudishwa Mwanza bila ekari yoyote kupotea. Anayetaka valvu ya tipa, usukani wa haidroliki au chuma cha kukinga dereva ampigie wakala simu mwezi Juni, kwa kuwa ikifika Oktoba kila mwenye trekta wa Kanda ya Ziwa huwa anamtafuta fundi yule yule.